Mpishi Aliyezidi Mizani Moja

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Ramani yake imo ndani ya kabati la Wizara ya Kumbukumbu, na ufunguo wa kabati ameondoka nao ofisa aliyekwenda likizo mwaka ule daraja letu lilipozinduliwa kwa mara ya tatu. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, yenye watu wakarimu, na inayoipenda historia yake kiasi cha kuifungia ndani isije ikapata mafua.

Mimi ni raia wake. Jina nililopewa na wazazi ni Athmani Kirobo, lakini siku zile ukiniita hivyo nisingegeuka. Nilikuwa Radi wa Pwani. Lakabu hiyo nilijipa mwenyewe, maana washairi wengine walikuwa na wivu na sikuwa na subira ya kungoja wanipe. Ushairi sikufundishwa na mtu. Niliokota kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, nikajifunza kuhesabu mizani kwa vidole, na nilipofika miaka ishirini na mmoja nilikuwa nimekwisha kuwatangazia vita washairi wote wa nchi kwa barua niliyoipeleka gazetini. Niliwaita wasusi wa makuti yaliyooza. Hakuna aliyenijibu. Nikauhesabu ukimya wao kuwa ni ushindi.

Wizara nayo iliuhesabu hivyo hivyo, ndiyo sababu nikaitwa.

Yalikuwa yanatimia miaka hamsini tangu Ngome ya Ngaraza ipigwe mabomu. Ngaraza ni kisiwa kidogo mbele ya mji wetu, karibu sana, kiasi kwamba ukisimama ufukoni unaweza kumwona mtu aliyeko huko akianika nguo. Katika Vita vya Siku Tisa, tulivyopigana na jirani zetu wa ng'ambo, ngome ile ilipigwa siku ya tano na wakafa wote waliokuwamo, watu kumi na tisa. Kila mwaka siku hiyo tunapumzika kazi. Kitabu cha darasa la sita kinasema: "Ngome ilipigwa mabomu." Mtihani unauliza: "Ngome ilifanywa nini?" Jibu sahihi ni: "Ilipigwa mabomu." Mwalimu mmoja aliyejaribu kuuliza ilipigwa na nani alipandishwa cheo akawa mkaguzi wa mashule katika wilaya isiyo na shule.

Aliyeniita ni Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Mafunda, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuombea dua.

"Bwana Radi," akasema, "jiwe la kumbukumbu liko tayari. Limesimama, limesuguliwa, limebaki kuwa bubu. Tuliwaita wanahistoria wanne waje kuliandikia. Wote wanne walianza kwa kuuliza maswali."

"Mimi siulizi," nikajibu. "Mimi natunga."

"Ndivyo tulivyosikia," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Ningeweza kwenda nyumbani siku ile ile nikatunga beti mia mbili kabla ya chakula cha jioni. Lakini kiburi kilinipanda. Nilitaka watu waseme kwamba Radi hakubahatisha, kwamba Radi alifanya utafiti. Nikaomba ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi ya nyaraka.

Fomu ya kuingilia ilikuwa na swali moja tu gumu: "Taja mambo unayotarajia kuyagundua." Waombaji wengi walianguka hapo. Mimi niliandika "Hakuna," nikapewa kadi. Ndani ya chumba cha kusomea kulikuwa na taratibu. Faili moja kwa siku. Kalamu hairuhusiwi, penseli inaruhusiwa ikiwa haikuchongwa. Faili lazima lirudishwe likiwa limefungwa uzi kama lilivyotolewa, na msimamizi alinieleza kwa fahari kwamba wasomaji wake bora walikuwa wakiyarudisha bila kuufungua uzi kabisa.

Mimi niliufungua. Siku ya nne nikaufungua kwenye faili la Ngaraza.

Mlikuwa na karatasi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa orodha ya posho ya chakula, majina kumi na tisa yaliyoandikwa kwa mwandiko safi, kuanzia kamanda wa ngome mpaka wa mwisho kabisa: Mwinyimvua Kitwanakheri, mpishi. Ya pili ilikuwa barua ya Makao Makuu ya jeshi letu, ya siku ya kwanza ya vita. Ilisema: "Thibitisheni kwa maandishi ndani ya siku tatu kwamba ngome bado ni yetu. Msipojibu, mtahesabiwa kuwa mmekwisha kutekwa na hatua zitachukuliwa." Maelezo ya pembeni yalisimulia yaliyofuata: barua ilikabidhiwa boti ya posta ya kisiwani. Mchana ule ule, Makao Makuu yale yale yakasimamisha boti zote kwa sababu ya vita. Siku tatu zikapita. Ngome haikujibu. Siku ya tano ndege yetu ya kivita, ambayo ilikuwa moja, ikapaa kwenda kuichukulia hatua. Juu ya bahasha yake palikuwa na mhuri wa posta: "Wahusika hawakupatikana."

Nikasimama. Damu ilinichemka. Mimi ndimi Radi! Nikakaa. Nikasimama tena, nikaenda kunywa maji. Msimamizi akaniuliza kama nimegundua kitu, nikamwambia kwamba maji yao ni matamu.

Nyumbani nikaukabili ukweli kwa ushujaa wote niliokuwa nao. Nikaandika kwamba mabomu yaliteremka. Sikusema uongo. Nilisema yalitoka juu yakaja chini, na hilo hata adui asingelipinga.

Baada ya hapo yakaja majina. Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawajawahi kutunga. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Si saba, si tisa. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hufungwa kwa kina kimoja. Mtu anaweza kufa kwa ajili ya nchi yake namna anavyotaka, lakini akitaka kuingia kwenye utenzi aingie kwa mizani nane. Maaskari kumi na wanane waliingia vizuri, wengine kwa kubanwa kidogo mabegani. Nikafika kwa mpishi. Mwi-nyi-mvu-a Ki-twa-na-khe-ri. Nikahesabu kwa mkono wa kulia, nikahesabu kwa mkono wa kushoto. Tisa.

Nilihangaika naye kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Halafu nikajiambia, nani atakayemuulizia mpishi? Nafasi ya kumi na tisa ilitaka kina cha "-eo," na jina likanijia lenyewe, zito, la kiume, likinukia baruti:

*Walikufa kwa upeo,*
*bila hofu wala cheo,*
*na Sajini Mwambaleo*
*kifua mbele kafura.*

Nikausoma kwa sauti mara sita. Mara ya sita nikalia, nikaona hii ndiyo kazi ya kipaji.

Sherehe ya miaka hamsini ilifana. Niliughani utenzi wangu mbele ya serikali nzima, na Bwana Mafunda akasimama akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo utenzi huo ndio historia rasmi ya Ngaraza, na nyaraka zozote zinazopingana na vina vyake zitahesabiwa kuwa zimekosewa. Waashi wakachonga majina kumi na tisa kwenye jiwe, wakiyanakili kutoka kwenye beti zangu. Wiki hiyo hiyo likapitishwa jambo lililoitwa Sheria ya Jiwe. Ilikuwa sheria fupi. Aliye juu ya jiwe amekufa shujaa. Asiye juu ya jiwe hakufa. Na asiyekufa siku ile alitoroka.

Mimi nilikuwa nikitia saini vitabu, sikuisoma.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Sajini Mwambaleo alipata mjane mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu alikuwa na wajane watatu, na ikabidi wizara iwapangie viti. Zikatokea picha zake mbili, moja akiwa na masharubu na moja bila. Mtaa ukapewa jina lake, kisha shule, kisha kombe la mpira la wilaya, na mimi mwenyewe nilikabidhi kombe hilo kwa nahodha wa washindi nikatoa hotuba juu ya tabia za marehemu. Nilisema alikuwa mtu wa maneno machache. Mzee mmoja akadakia kutoka jukwaani, "Kweli kabisa! Tulisoma naye!" Mjukuu wa Mwambaleo aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya yetu. Alifanana naye sana.

Miaka miwili nikaelea hivyo, mpaka Ijumaa moja asubuhi, nikiwa barazani kwa muuza kahawa nawaeleza watu jinsi ninavyopata msukumo, akatokea mwanamke wa makamo ya sitini hivi, amejifunga buibui lililopauka, akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye Radi?"

"Ndimi," nikasema, nikitafuta kalamu ya kutilia saini.

"Mimi naitwa Mwatima binti Mwinyimvua. Baba yangu umempeleka wapi?"

Watu barazani wakacheka, wakidhani ni mambo ya mjini. Mimi sikucheka. Nililijua jina lile kabla hajalimaliza.

"Bi. Mwatima," nikasema, "hebu tuzungumze pembeni."

"Pembeni kwa nini? Umemtoa hadharani, mrudishe hadharani. Baba alikuwa mpishi wa ngome. Nilikuwa na miaka tisa, niko ufukoni na ndoo, namwona kule juu ya dari ya ngome. Ndege ikaja. Ilikuwa yetu, ina bendera yetu ubavuni. Akaipungia kwa shuka yake nyeupe. Walikuwa wamekaa siku tano bila unga, yule mtu alidhani wanaletewa unga. Aliendelea kupunga mpaka mwisho. Sasa serikali inaniambia alitoroka. Nimesomewa utenzi wako wote, beti zote, nimesikiliza mpaka masikio yakawasha. Yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi, mizani nane, vina vitatu, jina tisa. Nilitumia vidole.

"Kwa hiyo baba yangu kazidi," akasema.

"Moja tu."

"Hilo jina nimetembea nalo miaka sitini na mmoja, halijawahi kunizidi."

"Mama, sanaa ina masharti yake. Lisingeingia kwa vyovyote."

Akaangalia juu kidogo, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo, akasema, "Na Mwinyimvua mpishi."

Nikahesabu vidole nyuma ya mgongo. Nane.

"Hiyo sawa," nikasema, "lakini kina je? Vina vya '-shi' ni vigumu..."

"Moshi," akasema. "Jeshi. Ubishi. Nikuongezee?"

Muuza kahawa, ambaye miaka yote alinipa kikombe cha kwanza kwa heshima ya kipaji changu, alikichukua kikombe mbele yangu akakimwaga.

Bi. Mwatima akanipeleka kwake nikaone kazi yangu ilikofika. Tulimkuta Koplo Nyange wa kituo cha polisi ameketi ukumbini, kofia magotini, anakunywa chai. Alikuwa anakuja kila mwezi, kwa mujibu wa sheria, kumtafuta mtoro.

"Shikamoo mama," akasema. "Naomba radhi. Lazima niulize tena."

"Uliza, mwanangu, ndiyo kazi yako."

"Mwinyimvua Kitwanakheri amerudi?"

"Hajarudi."

"Ana umri gani sasa?"

"Tisini na nne."

Koplo akaandika. "Maelezo yanasema ni mwepesi na anaweza kukimbia," akasema kwa huzuni. Akainama, akachungulia chini ya kitanda, akainuka akijipangusa magoti. "Mama, mimi natii amri tu. Lakini nikimkuta humo chini nitakufa kwa hofu."

Ndipo Bi. Mwatima akaniambia alichokitaka. Hakutaka mtaa, hakutaka shule. Kwa miaka hamsini wafu wote wa Ngaraza walikuwa "wanachunguzwa," na hakuna familia iliyoruhusiwa kuwafanyia hitma. Jiwe lilipochongwa, familia kumi na nane zilisoma hitma zao, zikalia, zikapumzika. Yeye alipowaalika watu, alipokea barua ya onyo: kumsomea hitma mtu ambaye serikali inamjua kuwa hai ni kueneza uvumi. Mchele aliokuwa ameununua aliugawa kwa majirani usiku wa kuamkia siku yenyewe, akaogopa hata kuupika.

"Daktari anasema moyo wangu umechoka," akasema. "Nataka nimfanyie yeye kabla sijafanyiwa mimi. Ni hilo tu. Wewe ndiye uliyemwondoa, wewe ndiye utakayemrudisha."

Nikasimama nikaapa. Niliapa kwa kalamu yangu, kwa jina langu, kwa radi na kwa pwani. Nikasema nitaitikisa wizara mpaka misumari idondoke. Bi. Mwatima akaniambia niketi ninywe chai, na nisipige kelele, jirani ana mtoto mchanga.

Bwana Mafunda alinipokea kwa mikono miwili kama kawaida. Nikamwambia kila kitu.

"Ngoja nikuelewe," akasema. "Unataka kuniambia Sajini Mwambaleo hayupo?"

"Hakuwahi kuwapo. Nilimtunga kwa ajili ya kina."

"Bwana Radi, mjukuu wake alikuwa hapa jana. Amekalia kiti hicho hicho."

"Basi mtoeni mmoja tu, mumwingize mpishi."

"Mwambaleo ana wajane watatu. Mpishi ana nani?"

"Ana binti."

"Unaona," akasema kwa upole, kama mwalimu wa hesabu.

"Basi mwongezeni. Wawe ishirini."

Hapo uso wake ukabadilika. Kumi na tisa, alinieleza, si idadi tena, ni tarakimu ya taifa. Imo kwenye stempu, imo kwenye wimbo wa mashule, mizinga inapigwa kumi na tisa. Ukiongeza mmoja watu wataanza kuhesabu, na watu wakianza kuhesabu hawajui pa kuishia.

Ndipo nikawaka. Nilipiga meza. Nikamwambia nimeisoma barua ya siku tatu, najua boti iliyosimamishwa, najua ndege ilikuwa ya nani, na kwamba kesho nchi nzima itajua!

Bwana Mafunda hakushtuka hata kidogo. Aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, nchi nzima inajua. Iliiona ndege kwa macho. Unadhani walikuwa wamefumba?" Akanisogezea bakuli la njugu. "Nikushauri kama baba. Ukiyaandika hayo kwa nathari, itabidi tukufunge. Ukiyaandika kwa ushairi, itabidi tukupe tuzo. Chagua mwenyewe."

Naona aibu kuwaambia kwamba, kwa muda mfupi sana, niliuliza ni tuzo gani.

Alipoona nimenywea, akachukua kijitabu cha kanuni za Sheria ya Jiwe, akakipekua kwa kidole kilicholoweshwa mate. "Kanuni ya saba," akasoma. "Jina lolote litafutwa kwenye jiwe kwa maombi ya mwenye jina, akiwa hai, akifika ofisini yeye mwenyewe. Na nafasi yake itapewa jina analolitaja."

"Lakini wote waliomo ni marehemu!"

"Si wote," akasema Bwana Mafunda.

Sasa niwakirie jambo ambalo sikuwaambia mwanzo, kwa sababu nilitumaini hatutalifikia. Chini ya majina ya mashujaa, kwa herufi kubwa kuliko za mashujaa, palichongwa: UTENZI HUU UMETUNGWA NA RADI WA PWANI. Wizara ilitaka herufi ndogo. Mimi ndiye niliyezidai kubwa, nikaenda kwa waashi na rula. Kwa mujibu wa sheria, kwa kuwa nilikuwa juu ya jiwe, nilikuwa nimekufa shujaa miaka miwili iliyopita, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jina langu halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura.

"Fomu hii hapa," akasema. "Ukiwa tayari."

Sikuwa tayari. Mtu jasiri angetia saini pale pale. Mimi nilikunja fomu, nikaenda nayo nyumbani, nikakaa nayo siku ishirini na mbili. Nilikwenda kulitazama jiwe. Nilipitisha kidole ndani ya herufi ya R. Niliandika orodha ya washairi wakubwa ambao majina yao yako kwenye mawe, nikagundua wote walikuwa wamesubiri wafe kwanza, nikawaona ni watu wenye bahati.

Siku ya ishirini na mbili nikapata wazo, nikaenda mbio kwa Bi. Mwatima. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, taratibu, punje kwa punje. Alikuwa amenunua mwingine.

"Bi. Mwatima, nimepata njia! Mchukue Mwambaleo awe baba yako. Familia yake ni kubwa, hawatagundua. Yuko juu ya jiwe tayari, ana shule, ana mtaa, ana masharubu. Utamsomea hitma kubwa, na Mkuu wa Wilaya atakuja!"

Hakuinua macho. Aliendelea na mchele wake.

"Huyo Mwambaleo," akasema, "alikuwa akipenda nini?"

"Nani?"

"Wewe ndiye uliyemzaa. Alikuwa akipenda kula nini? Alikuwa akicheka vipi? Mwanawe akiugua alikuwa akimwimbia nini?"

Nikafungua mdomo. Mimi, niliyeweza kutunga beti mia mbili kabla ya chakula cha jioni, sikupata hata neno la mizani mbili.

"Baba alikuwa na kovu la mafuta mkono wa kushoto," akasema. "Alikuwa mwongo kwenye bao. Nikiugua alinipikia uji wa mtama akausifia kama yeye ndiye mgonjwa. Nenda, mwanangu. Nenda na njia yako."

Nilitoka pale nikaenda wizarani moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikipitia nyumbani nitaingia kitandani na kujifunika. Nilitia saini. Niliandika haraka hata jina langu likaonekana kama la mtu mwingine. Bwana Mafunda akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke, akanipa pole kwa dhati. Nadhani alinipenda.

Mwashi alikuja na patasi siku ya tatu. Nikamwonyesha: futa mstari huu wote, chonga "Mwinyimvua Kitwanakheri, mpishi."

"Bwana," akasema, akikisoma kibali kwa makini, "hapa nimeruhusiwa kufuta jina. Maneno yaliyotangulia jina si jina. Sina kibali nayo. Na hilo neno 'mpishi' nalo silioni."

Tukabishana mpaka jua likatuchoma utosi. Kibali kilikuwa kibali. Alifuta jina akachonga jina, kazi safi sana, na alipopuliza vumbi nikasoma: UTENZI HUU UMETUNGWA NA MWINYIMVUA KITWANAKHERI.

Nilikimbia kwa Bwana Mafunda. Akanyoosha mikono juu. Sheria inasema aliye juu ya jiwe amekufa shujaa. Haisemi mstari wa ngapi. Mpishi amekufa, tena rasmi. Na kwa kuwa jiwe haliwezi kukosea, mtunzi wa historia ya taifa sasa ni yeye. Vitabu vya shule vilichapishwa upya kabla ya mwezi kwisha. Mhadhiri mmoja ameandika juu ya "sauti ya jikoni" katika beti zangu, akasema mtunzi alikuwa mtu mnyenyekevu, asiyependa makuu, na ndiyo maana alitunga utenzi wa kifo chake mwenyewe kabla hakijatokea. Nilimwandikia barua kali gazetini. Mhariri alinijibu kwamba hawachapishi barua za watu wasiojulikana.

Koplo Nyange ndiye aliyempelekea Bi. Mwatima cheti. Alivaa sare iliyopigwa pasi, akakisoma kwa sauti mlangoni, kisha akauliza kwa unyonge kama anaweza kuja kwenye hitma kama mtu wa kawaida.

Ilisomwa Alhamisi alasiri. Ukumbi ulijaa, watu wakaketi mpaka uani. Muuza kahawa alikuwapo. Koplo aliweka kofia yake juu ya viatu vyake, akachukua juzuu yake akasoma kwa sauti nzuri ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Wali ulipikwa, ukaliwa, vyungu vikakwanguliwa. Mimi nilikaa karibu na mlango, na ndani ya mfuko wa shati nilikuwa na karatasi nne. Ulikuwa utenzi wa maombolezo ya Mwinyimvua Kitwanakheri, beti thelathini, kazi yangu bora kuliko zote, sina shaka na hilo mpaka leo. Nilikuwa nangoja nafasi.

Wageni walipoondoka, nikabaki peke yangu na Bi. Mwatima. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mikono imelala mapajani kama vitu alivyomwekea mtu mwingine. Nikasimama, nikakohoa, nikatia mkono mfukoni.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mama. Sasa, nilikuwa nimekuandalia..."

"Ahsante, mwanangu. Umefanya vizuri." Akaniangalia, na nikaona kidevu chake kimeanza kutikisika. "Sasa nenda, na mlango uurudishe. Nataka kulia."

Nikauacha mkono wangu mfukoni pale pale ulipokuwa. Nikatoka, nikaurudisha mlango polepole usipige kelele, nikasimama nje nikitafuta viatu vyangu.